Jino la mashaka ndani ya daraja: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mzaliwa wa vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Jina, kijiji, tarehe na kliniki zote vimeondolewa, na mwenyewe ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Kazi yake ni ya kuzungumza na watu kutwa nzima.

Meno yake ya mbele yalikuwa na madoa ya kahawia. Kwa watu wa ukanda ule si jambo la ajabu. Maji yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi kwa wingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya pale vinakivuka. Magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage huongeza kiasi kingine. Floraidi ikizidi utotoni, wakati meno bado yanajijenga ndani ya taya, enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, hutoka na vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo hunywa rangi baadaye. Mara nyingi doa huwa la juu juu, na jino lenyewe linatafuna kama kawaida. Nalitanguliza hili kwa sababu wagonjwa wengi wa kaskazini huja wakiomba meno yote ya mbele yachongwe na kuvikwa kofia, yaani gamba la kutengenezwa linalofunika jino zima, na wapo wanaokubaliwa bila maswali.

Miaka kadhaa kabla ya kisa hiki alianguka na bodaboda. Tukihesabu meno ya juu kutoka katikati kwenda kulia kwake: jino la kwanza lilikatika likabaki kisiki, jino la pili likang'oka palepale, chonge likapona bila mkwaruzo. Kisiki cha jino la kwanza kilitibiwa mzizi, kikawekewa nguzo fupi ya chuma na kujengewa kwa dawa ya kujazia. Pengo la jino la pili likazibwa na jino la kuvaa na kuvua, lile lenye kibao cha plastiki kwenye kaakaa. Alilivaa kwa miaka bila kulizoea. Kila akisema neno lenye "s" au "sh" kibao kililegea, na mbele ya wateja alijifunza kukisukuma kwa ulimi huku akitabasamu.

Alichokitaka

Alikwenda kliniki ya kwanza na maombi mawili. La kwanza, jino lisilovuliwa. La pili, meno sita ya mbele yawe meupe. Alikuwa na picha kwenye simu ya mtu mwenye meno meupe kama sahani, na akasema hivyohivyo.

Uchunguzi wa siku ile, kwa mujibu wa kadi yake, ulionyesha fizi nzuri, chonge zima lenye doa tu, na mzizi wa jino la kwanza uliojazwa vizuri hadi karibu na ncha, bila kivuli kwenye eksirei. Ila kisiki chenyewe kilikuwa kidogo. Upande wa kaakaa kulikuwa na jino la asili lenye urefu wa kama milimita 3 juu ya fizi. Upande wa mbele, chini ya milimita 1. Daktari aliyejaza kadi aliliandika hilo kwa mkono wake. Katika kisa hiki hakuna kipimo kingine chenye uzito kama hicho.

Uamuzi wa kwanza: rangi

Hapa kliniki ya kwanza ilifanya kazi safi na nataka wapewe haki yao. Walikataa kuchonga meno sita. Kofia ya chuma iliyofunikwa kauri inataka upande wa mbele wa jino usagwe milimita 1.2 hadi 1.5, na ukizunguka pande zote unakuwa umeondoa zaidi ya nusu ya sehemu ya jino inayoonekana mdomoni. Kwa jino ambalo kosa lake ni doa, hiyo ni bei kubwa, na baadhi ya meno yaliyochongwa namna hiyo hufa mshipa baadaye.

Badala yake walisugua madoa kwa asidi hafifu iliyochanganywa na unga wa kusugulia, wakaondoa ngozi nyembamba ya juu ya enameli, kisha wakampa dawa ya kung'arisha ya kuvaa usiku kwenye trei laini. Kahawia ikapauka ikawa rangi ya maziwa yenye mawingu. Baada ya hapo wakasubiri wiki mbili bila kufanya chochote, kwa sababu rangi ya jino lililong'arishwa huendelea kutulia, na ukichagua rangi ya kauri mapema utapata daraja, yaani jino la bandia lisilovuliwa linaloshikiliwa na meno ya pembeni, lisilofanana na majirani zake. Maabara ikaombwa kuweka mawingu hayohayo kwenye kauri. Hata sasa, ukimtazama kwa umbali wa kuzungumza, huwezi kusema lipi ni lake na lipi limetengenezwa.

Uamuzi wa pili: daraja

Mezani kulikuwa na njia nne. Kuendelea na jino la kuvaa, ambalo mgonjwa alilikataa. Kupandikiza skrubu ya kubebea jino la bandia kwenye mfupa, ambako gharama yake ilimshinda. Daraja la mkono mmoja, yaani chonge livikwe kofia na jino la pili lining'inie kwenye kofia hiyo, huku jino la kwanza likipata kofia yake peke yake. Na njia ya nne, kuunganisha vyote vitatu kuwa kipande kimoja: kofia kwenye chonge, kofia kwenye kisiki, na jino la bandia katikati.

Walichagua ya nne. Sababu zilizoandikwa ni kwamba jino la kwanza linahitaji kofia hata hivyo, na kwamba mihimili miwili ni imara kuliko mmoja. Kipande kikaja kutoka maabara, kikajaribiwa, mng'ato ukapimwa kwa karatasi ya rangi, kikagandishwa kwa saruji ya kawaida ya meno. Mgonjwa akafundishwa kupitisha uzi wa kusafishia chini ya jino la bandia, akapewa tarehe ya kurudi baada ya miezi sita. Hakurudi. Jino halimuumi, arudi kufanya nini?

Kilichofuata

Mwaka mmoja na nusu hivi ulipita kimya. Kisha akaanza kuamka na ladha ya chumvichumvi mdomoni. Akabadilisha dawa ya mswaki. Akanunua dawa ya kusukutulia. Mwisho akagundua kwamba uzi ukitoka upande wa jino la kwanza unanuka, na ukitoka upande wa chonge haunuki. Hapo ndipo alipokuja kwetu.

"Dada, linauma?"

"Haliumi, daktari. Linanuka."

Ukilitazama daraja lilikuwa zuri. Ukilishika kwa vidole na kulitikisa, halikutikisika. Eksirei ilionyesha kivuli chepesi kwenye ukingo wa kofia ya jino la kwanza, ambacho mtu mwenye haraka angesema ni kosa la picha. Kilichotoa jibu ni kipimo kisichohitaji umeme. Tulikausha eneo, tukadondosha maji kidogo kwenye ukingo wa kila kofia, tukasukuma daraja juu na kuliachia kwa kidole gumba huku macho yakiwa kwenye ukingo. Upande wa chonge maji yalitulia. Upande wa jino la kwanza vikatoka viputo vidogo, vikarudi ndani tulipoachia, vikatoka tena tuliposukuma. Kofia ile haikuwa imeshika. Saruji ilishaondoka, na kila alipotafuna, mate na chakula viliingia na kutoka humo kama pampu.

Kisha kijiti chembamba cha kupimia fizi kikapitishwa kuzunguka mzizi. Pande zote kilizama milimita 2 au 3. Upande wa mbele, kwenye nukta moja tu, kikazama hadi 9. Shimo jembamba na refu la namna hiyo, kwenye jino lenye nguzo ndani, mara nyingi maana yake ni mzizi uliopasuka kwa urefu. Mzizi uliopasuka hivyo hauunganishwi.

Maamuzi ya kliniki ya pili

Kwanza lilikuja swali la kuliondoa daraja. Njia iliyozoeleka ni kuligonga kwa kifaa cha kuvutia hadi liachie, au kulikata kofia zote mbili na kulitupa. Tulikataa zote mbili kwa sababu moja: chonge lilikuwa salama. Kofia yake haikutoa kiputo, ukingo wake ulikuwa safi, na jino chini yake bado lina mshipa hai. Kugonga kungeweza kulivunja. Kuikata kofia yake kungemgharimu nyingine bila sababu.

Kwa hiyo tulikata kiungo kilicho kati ya jino la bandia na kofia ya jino la kwanza. Kauri hukatwa kwa kichwa cha almasi, na chuma kilicho chini yake kwa kichwa cha tungsteni, maji yakimwagika muda wote ili joto lisifike kwenye mshipa wa chonge. Mkato uliegemea upande wa jino la kwanza, kwa kuwa kofia ile ilikuwa inaondoka na hakuna aliyejali ikikwaruzika, ilhali jino la bandia lilikuwa linabaki na umbo lake linaonekana. Kiungo kilipoachana, kofia ya jino la kwanza ilitoka kwa vidole viwili, na ndani yake, pamoja na nguzo, kulikuwa na kisiki laini cheusi kilichobonyea kama jibini. Hakuna aliyehitaji kuuliza harufu ilitoka wapi.

Mkato ukasuguliwa, ukang'arishwa kwa raba. Kilichobaki mdomoni ni chonge lenye kofia na jino la pili likining'inia kwake. Yaani daraja la mkono mmoja, lile lile lililokuwa mezani siku ya kwanza kama njia ya tatu. Tulichobadilisha ni mng'ato tu: tulipunguza sehemu ya nyuma ya jino la bandia hadi likaguswa kidogo sana anapofunga mdomo, na lisiguswe kabisa taya linapokwenda pembeni. Jino la kuning'inia likibebeshwa mzigo wa pembeni, linaligeuza jino mhimili kwenye mfupa wake.

Mzizi uliopasuka ukang'olewa kwa ganzi, na siku hiyohiyo akapewa kibao chenye jino moja ili asitembee na pengo. Alikipokea kwa uso wa mtu aliyerudishiwa mkopo alioshaulipa.

Baada ya kama miezi mitatu, fizi na mfupa vikiwa vimetulia, tukarudi mezani. Jino la kwanza la kulia halipo. Jirani yake wa kushoto ni zima. Tulimweleza habari za skrubu akasema, "Hilo la skrubu tuliache kwanza, daktari." Tukamweleza kwamba jirani wa kushoto anaweza kuchongwa na kuvikwa kofia. Akatukata: "Mmeshanichonga mawili. Hili la tatu liacheni."

Alikuwa na haki. Tukampa daraja la kubandika lenye bawa moja: jino la bandia likiwa na kibamba chembamba cha chuma kinachogandishwa nyuma ya jino la jirani kwa gundi ya resini, bila kulichonga isipokuwa mkwaruzo mdogo. Wasiwasi wetu ulikuwa ni enameli. Gundi hushika kwa sababu asidi huifanya enameli iwe na vishimo, na enameli yenye floraidi nyingi huikaidi asidi. Tuliondoa ngozi ya juu kwa almasi laini, na asidi ya fosforiki ya asilimia 37, ambayo kwa kawaida hukaa sekunde 15 hadi 30, tukaiacha dakika nzima hadi jino likapauka kama chaki. Bawa lenyewe lilipulizwa unga wa oksaidi ya alumini. Shida nyingine ya chuma nyuma ya jino jembamba ni kwamba hulifanya lionekane la kijivu kwa mbele. Kwa mawingu aliyokuwa nayo huyu dada, hata sisi hatukuliona.

Matokeo

Vipande vyote viwili vimeshika hadi kisa hiki kinaandikwa, zaidi ya mwaka. Kipimo cha viputo hurudiwa kila anapokuja na hakijatoa kitu. Anasema "sh" bila kuwaza. Jino moja limepotea, na limepotea moja kwa moja.

Uchambuzi

Jino la kwanza lilikuwa na mashaka tangu mwanzo, na hilo halikuwa siri. Kofia kwenye jino lililokufa mshipa haishikiliwi na nguzo. Hushikiliwa na ukuta wa jino la asili unaokumbatiwa na kofia kuzunguka pande zote, na kinachohitajika ni angalau milimita 2. Hapa upande wa mbele ulikuwa na chini ya moja, na ndio upande unaokandamizwa kila meno ya chini yanaposukuma kutoka nyuma. Jino kama hilo bado linaweza kuvikwa kofia yake. Wengine huishi nalo miaka mingi, na likifa, linakufa lenyewe. Kosa lilikuwa kulipa kazi ya kubeba jino jingine, na kulifunga pamoja na chonge.

Nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi: si mihimili miwili ni bora kuliko mmoja? Watu wawili wakibeba mtungi kwa mti na mmoja akaachia, mtungi unavunjika na kila mtu anasikia. Daraja haliko hivyo. Upande mmoja ukiachia, ule mwingine unalishikilia palepale, na mgonjwa hajui. Chonge na jino la kwanza vimekaa kwenye kona tofauti za upinde wa taya, kwa hiyo husukumwa kuelekea pande tofauti wakati wa kutafuna. Mvutano huo huishia kwenye saruji ya upande dhaifu. Hapo ongeza kwamba jino lililotibiwa mzizi halina mshipa wa kulalamika. Mgonjwa huyu alinyimwa ishara zote mbili ambazo mtu huzitegemea: halikudondoka, na halikuuma. Uimara wa chonge ndio uliompa ugonjwa muda wa kula mzizi.

Hofu ya daraja la mkono mmoja nayo haikuwa na msingi hapa. Kanuni ya zamani ya daktari wa meno Ante, ya mwaka 1926, inataka eneo la mizizi ya mihimili lisipungue lile la meno yanayozibwa. Wapo wanaoipinga kwa madaraja marefu, na nadhani wana hoja, lakini hata ukiifuata neno kwa neno, mzizi wa chonge la juu una takriban milimita mraba 273 na ule wa jino la pili 179. Chonge peke yake lilitosha na kubakiza. Ndiyo maana pengo la jino la pili lililo jirani na chonge zima ni mahali panapofaa sana kwa daraja la namna hii.

Mtu akidai njia ya nne ilikuwa nafuu, hoja hiyo nayo inaanguka ukiihesabu. Daraja hulipiwa kwa kipande, na kila kofia au jino la bandia huhesabiwa kipande kimoja. Kofia mbili na jino la bandia vikiunganishwa ni vipande vitatu. Daraja la chonge na jino la pili, pamoja na kofia ya peke yake kwa jino la kwanza, ni vipande vitatu vilevile. Mgonjwa angelipa pesa ileile. Chapa ya meno ingechukuliwa ileile, siku ileile. Tofauti yote ingekuwa kiungo kimoja cha chuma ambacho fundi wa maabara hakukiweka, kile kile tulichokuja kukikata baadaye.

Kuhusu kutorudi, sipendi lawama iangukie kwa mgonjwa. Aliambiwa arudi baada ya miezi sita, hakuambiwa kwa nini. Mtu akielezwa kwamba kofia inaweza kuachia bila maumivu na kwamba dalili yake ya kwanza ni ladha mbaya au uzi unaonuka upande mmoja, atakuwa na kitu cha kuangalia. Na hata angerudi, sina hakika angegunduliwa, kwa maana kadi ya kliniki ya kwanza ina nafasi ya kuandika "linatikisika / halitikisiki" na hakuna mahali pa viputo. Kulitikisa daraja la mihimili miwili kunapima upande ulio mzima tu.

Njia yetu nayo ina udhaifu wake. Bawa lililobandikwa kwenye enameli ya floraidi linaweza kuachia siku yoyote, na mgonjwa anajua. Tulimwambia likiachia litadondoka mkononi au kwenye sahani, alitie kwenye kichupa kisafi na kulileta. Bawa ambalo halijapinda husafishwa na kubandikwa tena kwa ziara moja. Tukamwomba jambo moja asilifanye, maana tumeliona kwa wengine: kulirudishia mwenyewe nyumbani kwa supagluu. Jino likigandia limepinda hata unene wa unywele, meno ya chini yataligonga kila akifunga mdomo, na kuing'oa gundi ile huondoka na enameli ambayo tungeihitaji kubandikia tena.